Marehemu Anaitwa Kazini

Saa mbili na nusu asubuhi, katika ofisi ya vizazi na vifo pale Bagamoyo, Nasrin alifuta vumbi kwenye kompyuta, akaandika nywila, akaiita seva ya Dar es Salaam. Seva ikauliza ni nani anayebisha. Baba yake, Mzee Bwanausi, aliyezikwa Kerege tangu mwezi wa Rajabu, akaingia na sanda yake, akasimama nyuma ya kiti, akataja jina lake kamili. Seva ikafungua, naye akaondoka.

Hakuna aliyeshangaa. Mfumo ule aliusimika mzee mwenyewe alipokuwa hai, na ofisi zote za pwani zilijitambulisha kwa jina lake. Tena alikuwa mtu wa adabu. Wanawe aliwafunza kwamba ukiulizwa "nani?" mlangoni husemi "mimi", unataja jina; na hodi ni tatu, usipofunguliwa, rudi ulikotoka. Seva nayo ilikuwa vivyo hivyo. Nywila ikikosewa mara tatu, mlango hufungwa, na Dar wangehitaji wiki mbili kutafuta jina jingine la kuufungulia.

Mama yake Nasrin, Bi Zuleha, aliomba cheti cha kifo mara nne. Kila mara seva ilijibu kwamba mwenye jina hilo ameonekana kazini leo. Nasrin aliwapigia simu wakubwa, akawasihi wabadilishe jina. Wakamwambia kazi hiyo ni ndefu, na mzee mwenyewe hajalalamika. Akasema ahsante.

Eda ilipokwisha, Bi Zuleha alikuja mwenyewe. Alimkuta mumewe nyuma ya kiti, udongo miguuni, amechoka hata asiyemjua angeona.

"Kosea, mwanangu," alisema. "Kosea zote tatu, baba yako akalale."

Nasrin akakosea ya kwanza. Mzee akataja jina. Akakosea ya pili. Mzee akataja jina, sauti imefifia.

Nje, kwenye benchi mbele ya mlango ulio wazi, Dija wa Kiwangwa alikuwa amempakata mwanawe mwenye tundu moyoni. Kesho alipaswa kupasuliwa, na hospitali ilitaka kwanza cheti kwamba amezaliwa.

Bi Zuleha alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Kisha akajifunika uso kwa ukaya.

Nasrin akaandika ya tatu sawasawa. Mzee akataja jina, seva ikafungua.

"Pole na kazi, Baba Nasrin," Bi Zuleha alisema. Mzee alikwisha kutoka. Bi Zuleha akamgeukia bintiye, akauliza kesho mzee ataingia saa ngapi.

"Saa mbili na nusu, mama," Nasrin alijibu, machozi yakimtiririka, akamwita Dija.