Gari la Dolgor Linawaka Ng'ambo ya Kijito

Dolgor aliwasha jiko la kupulizia moto, akalisukuma chini ya gari mpaka ulimi wa moto ukailamba sampu, bakuli la oili chini ya injini, kisha akachuchumaa pembeni kuangalia usije ukaunguza mpira wa breki. Hivyo ndivyo alivyozianza asubuhi zake tangu baridi ilipoingia, kama wafugaji wengine wa upande ule wa Gobi. Oili ikiganda hugeuka ulimbo, na hakuna injini inayozunguka ndani ya ulimbo. Ilipolainika alipanda kwenye kiti, akavuta choki, akapiga stata.

Injini ilizunguka kivivu, kama mzee anayegeuzwa kitandani, ikanyamaza. Akapiga tena, na tena, mpaka ikashika, ikakohoa moshi mweusi, ikawaka. Dolgor hakushusha pumzi. Aliiacha ipate moto barabara, akaizima makusudi, akapiga stata upya. Ikazunguka kivivu vilevile. Hapo ndipo alipoingiwa na wasiwasi, maana injini ya moto haina kisingizio.

Gari lenyewe lilikuwa la kijivu, refu, lenye umbo la mkate, na lilikuwa la marehemu baba yake. Lilimzidi umri Saruul, mke wa mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa amesimama mlangoni pa hema mkono mmoja kiunoni, tumbo limeshashuka. Mumewe alikuwa amepeleka farasi mbali kusini kutafuta majani. Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku.

"Limewaka, mama?"

"Limewaka."

"Na siku yenyewe litawaka?"

Dolgor alijifanya anafunga boneti.

Akapanda kilimani, mahali pekee penye mtandao, akampigia Gombo. Gombo alikuwa fundi wa pale makao makuu ya wilaya, mtu mwenye mdomo mrefu na mikono mizuri. Alikuja kwa pikipiki, vifaa vimefungwa ndani ya ngozi ya kondoo, na kabla hajavua glavu alikuwa ameshauliza kama gari bado halijaomba pensheni.

Alianza na betri. Akaweka kipima umeme, akaona imejaa. Akamwambia Dolgor apige stata huku yeye anatazama mshale, na betri haikuyumba hata kidogo. Akafungua vichwa vya betri, akavipiga msasa mpaka viking'aa, akavikaza. Injini ikazunguka kivivu. Akalala chini juu ya ngozi yake, akaishusha stata, akaifungua mbele ya Saruul aliyekuwa akimshikia bakuli la skrubu. Ndani kulikuwa safi. Kaboni zilikuwa bado nene, na mhimili ulizunguka kwa kidole. Akairudisha. Injini ikazunguka kivivu. Akamwaga oili, akaweka nyepesi. Vilevile.

"Sasa gari linanidharau," Gombo alisema.

Ukabaki waya wa athi, ule unaorudisha umeme kutoka kwenye injini mpaka betri. Waya huu ukiwa mbovu stata huwa nzito, na fundi asiyejua huuza betri tatu kabla hajaugusa. Gombo aliutoa, akafunga mpya, mnene kama kidole gumba. Akapima umeme unaotoka, akapima unaorudi. Ulikuwa unatoka mzima na kurudi nusu. Nusu nyingine ilipotelea mahali, na gari halikuwa na joto, wala cheche, wala harufu ya kuungua.

Alikunywa chai ya chumvi bakuli mbili bila kufanya mzaha wowote. Kisha akaomba waende wakalijaribu njiani.

Walivuka kijito kilichoganda, wakapanda ukingo wa pili, Gombo akazima. Alipogeuza ufunguo injini iliitika kabla hajaumaliza. Akazima tena, akawasha tena. Iliwaka kama gari la harusi. Wakarudi upande wa hema, akazima, akawasha, ikazunguka kivivu.

"Shida haiko kwenye gari, dada," alisema. "Iko chini."

Dolgor alimkumbusha kwamba gari limekaa juu ya mpira, umeme hauwezi kushuka ardhini. Gombo alikubali kwamba haukupaswa kushuka. Wakajaza gunia samadi kavu, ile ya kuwashia jiko, wakaanza kazi. Walitembeza gari hatua chache, wakalizima, wakaliwasha. Pale lilipobadilika kutoka uzito kwenda wepesi, Dolgor alishuka akaacha rundo la samadi. Walifanya hivyo mchana kutwa na siku iliyofuata. Saruul aliwapikia supu ya tambi na hakuuliza walichokuwa wakipima, kwa sababu aliona.

Walipomaliza walipanda kilimani wakatazama chini. Marundo yalikuwa yamenyooka. Yalipita katikati ya malisho ya majira ya baridi, yakaacha kisima upande wa ndani, yakafika chini ya jabali na kukata kona kama kona ya meza, yakaendelea tena yamenyooka. Hema la Dolgor, zizi, na mahali alipolazwa baba yake vilikuwa ndani.

Malisho hayana kona. Hata mto na mbuzi hawapiti hivyo. Dolgor alijua kwamba mstari wa namna ile hupigwa na mtu aliyekaa ofisini, na katika wilaya nzima mtu aliyekaa ofisini alikuwa mdogo wake, Renchin, mkuu wa wilaya.

Hakumwita. Renchin alikuja mwenyewe, kwa gari jipya jeupe, baada ya kusikia habari za samadi. Gombo alimwamkia, akasema pikipiki inamsubiri, akaondoka. Renchin aliingia hemani, akaketi upande wa heshima, akatoa kichupa chake cha ugoro na kumpa dada yake kwa mkono wa kulia. Dolgor alikipokea, akanusa, akakirudisha kwa adabu. Cha kwake, ambacho desturi ilidai akitoe wabadilishane, hakukitoa. Saruul, aliyekuwa akikanda unga kando ya jiko, alikiona kiganja cha Renchin kikibaki wazi hewani, kisha kikifungwa taratibu.

"Dada, umepanga samadi kwenye ardhi ya watu."

"Watu gani?"

Renchin alieleza kwa utulivu, kama anavyoeleza mikutanoni. Chini ya jabali kulikuwa na shaba. Kibali kilitoka mji mkuu, na wachimbaji walipofika kwake walikuwa wamekwishamaliza kila kitu. Angekataa wangemtafuta mwingine. Tena wameahidi mtambo mpya wa kupasha joto shule, na yeye amewaona watoto wakiandika na glavu mikononi, wino umeganda. Hayo yote yalikuwa kweli, na Dolgor alijua ni kweli.

"Wewe walikuuliza nini?"

"Waliniuliza kama kuna mtu anayekaa hapa."

"Ukasemaje?"

Renchin alilizungusha bakuli la chai mikononi.

"Nilisema hakuna."

Saruul aliendelea kukanda unga. Aliuinua, akaugonga kwenye ubao.

Alipotoka nje Renchin alilisogelea gari la baba yao. Alijifunzia udereva humo, amekaa juu ya tandiko la farasi ili aone mbele. Akasema hivi vituko vya ardhi ni maneno ya Gombo ya kutafutia wateja, akapanda, akageuza ufunguo. Gari halikuzunguka kivivu, halikufanya chochote. Hata kile kimlio kidogo cha stata kujaribu hakikusikika. Aligeuza mara nyingine, akisikiliza, kisha akashuka akafuta mkono kwenye koti. Akaingia kwenye lake jeupe, likawaka kwa mguso mmoja. Magari mapya hayaulizi yamesimama wapi.

Uchungu ulimshika Saruul asubuhi ya upepo, siku chache baadaye, kabla ya wakati wake. Dolgor alipiga stata mpaka akaogopa kumaliza betri. Injini ilijikokota na kulala, ikajikokota na kulala, na safari hii haikushika. Akatazama kilima chenye mtandao.

"Nimpigie mjomba wa mumeo. Gari lake litafika upesi."

Saruul alikuwa amejishikilia kwenye nguzo ya hema. Alingoja maumivu yapite.

"Alisema hapa hakuna mtu," alisema. "Atakuja kumbeba nani?"

Dolgor alisimama akiwa na simu mkononi. Aliona jasho juu ya mdomo wa mkwewe, akaona vumbi likipanda kusini, na akajua kwamba akikosea hapo hatapata nafasi ya pili. Kisha akairudisha simu mfukoni na kwenda kumfungua ngamia.

Alikuwa ngamia dume aliyehasiwa, mwenye kisirani, nundu zote mbili zimelala kwa njaa ya kipupwe. Alimtemea mate Dolgor wakati wa kufungwa kamba na akamtemea tena wakati wa kuvuta. Dolgor alimwongoza kwa mbele, hivyo usukani ukawa wa Saruul. Alipiga magoti kwenye kiti cha dereva, akaushika kwa mikono yote miwili. Uchungu ulipokuja aliinamisha paji la uso juu ya honi, na honi ikalia mpaka ulipopita. Ngamia akaongeza mwendo kwa hasira. Kwa njia hiyo walikipita kisima, zizi, mahali pa baba, na kuufikia mstari wa samadi. Magurudumu ya nyuma yalipoupita Dolgor alimfungua ngamia akamwacha aende anakotaka, akapanda, akageuza ufunguo. Injini iliwaka kana kwamba ilikuwa inasubiri mlangoni.

Mtoto alizaliwa zahanati, wa kike, mwenye sauti kubwa. Wakamwita Khulan.

Majani yalipochipua walifika wapimaji. Kiongozi wao alikuwa kijana mpole wa mjini, aliyevua kofia kabla ya kuingia hemani. Alisema vyombo vyao vilikuwa vinaangukia kila mara palepale penye rundo la samadi, bila kupishana hata kwa unyayo, na kwamba kazi waliyoitarajia ichukue mwezi imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Akauliza nani aliyewapimia.

"Gari," alisema Dolgor.

Kijana aliitikia kwa kichwa na kuuliza kama linakodishwa. Dolgor alisema halikodishwi. Kijana alishukuru, akanywa chai yake yote, akaenda kupigilia vigingi vyekundu.

Dolgor alihamisha hema ng'ambo ya kijito. Kabla ya kukita nguzo alisimamisha gari pale pale, akawasha, akasikiliza, ndipo akashusha mizigo. Wafugaji wengine nao walifanya hivyo. Wenye magari ya zamani wakawa wanaalikwa kwa heshima kama waganga; walipewa nyama ya mgongo, kisha wakaombwa wakazime na kuwasha kando ya kisima. Shule ilipata mtambo wake. Shimo lilianza kuchimbwa chini ya jabali, na vumbi likawa linaingia kwenye maziwa.

Gombo alikuja mwanzoni mwa vuli, katika gari lake la kizamani ambalo siku zote alilionea haya. Alimshika Khulan, akamwambia ana shingo ya dereva. Kisha akamrudisha kwa bibi yake na kuketi, na mzaha ukamwishia. Alieleza kwamba wale wapimaji walimtafuta. Bado wana maeneo mengi ya kupima, na gari lake linasikia vizuri kuliko vyombo vyao. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. Watu makao makuu siku hizi wananunua magari mapya, na mafundi wa zamani hawana kazi.

"Nilitaka ulisikie kwangu, dada."

Dolgor alimwongeza chai. Walizungumza juu ya mvua na juu ya mume wa Saruul, aliyepata kazi ya kuendesha lori huko shimoni. Gombo akaaga, akatoka.

Walimsikia akipiga stata. Injini ilizunguka kivivu, ikanyamaza. Akapiga tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Ilizunguka kivivu vilevile. Saruul aliacha alichokuwa akifanya. Kisha mlango wa gari ukafunguliwa na nyayo zikarudi polepole juu ya changarawe.

Gombo alisimama kizingitini. Mkononi alikuwa na kigingi chenye kichwa chekundu.

"Dada," alisema, akitazama viatu vyake, "naomba nyundo."

Dolgor alimkabidhi Saruul mtoto, akaenda kuitafuta.