Ndiyo za Jumamosi

Kabla ya alfajiri kijiko kiligonga kikombe mara mbili. Ndivyo mkwe wangu alivyoomba maji kutoka chumba cha nyuma, maana sauti ilikuwa imekwisha. Mumewe, mwanangu fundi cherehani, aliniwahi. Alimwinua kichwa, akamnywesha taratibu kama mtoto. Ilikuwa siku ya sita mlango wa mbele umefungwa, ufunguo mfukoni mwa mwanangu.

"Mwanangu, anapumua kwa shida."

"Baba naye walimchukua na gari la hospitali akipumua, Mama. Alirudi?"

Nilikijaza kikombe tena.

Kila Jumamosi, tangu maradhi yaingie, binti wa takwimu za afya hunipigia simu kuuliza hali za watu wa nyumba. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Usipopokea watashuku," alisema mwanangu. "Sema wote wazima. Na huo ulimi wako hauna kufuli."

"Ndio uliokubembeleza ukalala."

Akacheka kidogo, akaketi mbele yangu na mkasi wake. Simu ilipoita, niliibana sikioni.

"Shikamoo, bibi. Uko peke yako?"

"Marahaba. Hapana."

"Basi jibu ndiyo au hapana tu. Aliye karibu nawe hatajua nimeuliza nini. Kuna mgonjwa hapo?"

Nilimtazama mwanangu. Macho yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Ndiyo."

"Anapumua kwa shida?"

"Ndiyo."

"Majibu haya siyaandikii jina. Lakini ukiniruhusu, nitamwelekeza muuguzi aje hapo nyumbani. Unaniruhusu?"

"Ndiyo, binti yangu."

Fundi akashusha pumzi. Alidhani nimesema wote wazima. Nilienda kumpepea mkwe wangu, nisimtazame mume wake usoni.

Saa sita mchana mlango ukabishwa. Mwanangu alinigeukia.

"Mama, umesema nini?"

"Nimesema kweli. Fungua."

Hakusogea. Mkono ulikuwa mfukoni, umeshika ufunguo.

"Nimebeba mtungi wa oksijeni," sauti ya mwanamke ilisema nje, bila haraka. "Gari sikuja nalo. Simchukui mtu."

Alisubiri. Hakubisha tena. Mwishowe ufunguo ukazunguka.

Kufikia alasiri kifua cha mkwe wangu kilikuwa kimetulia. Muuguzi alipovua glavu, kijiko kikagonga kikombe. Mwanangu akainama, akatega sikio mdomoni mwa mkewe.

"Anauliza kama utarudi kesho," akasema. Kisha, macho chini: "Na mimi nauliza, dada. Urudi."