Hapana ya Fundi Cherehani

Dada yangu ni muuguzi wa utafiti, na mimi alinipa kazi ambayo kipaji chake nilizaliwa nacho: kutoelewa. Fomu ya ridhaa ya utafiti wa dawa ya presha ilijaa maneno ya kuvunja meno. Kila sentensi alinisomea, akafunika karatasi, akasema, "Haya, nieleze." Nikibabaika, anaifuta.

"Washiriki watagawanywa kinasibu."

"Watagawanywa? Kama keki?"

Akanitupia kalamu, akaandika upya: "Kompyuta itachagua, kama kurusha sarafu, nani apate dawa mpya na nani abaki na ya zamani."

Leo mjumbe wa kamati ya maadili kaja kushuhudia. Fomu isipoeleweka, utafiti unasimama, na kibarua cha dada kinaota nyasi. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama fundi cherehani, subana bado kidoleni. Dada akamsomea taratibu, akafunika karatasi.

"Sasa mama, nieleze kama unavyomweleza shoga yako."

"Nimeelewa, mwanangu."

Mimi niliyekaa pembeni nikaguna. Hiyo "nimeelewa" ni adabu tu. Hata mimi niliwapa walimu wa hesabu miaka minne.

"Sikupimi wewe, mama," dada akasema. "Najipima mimi, kama nimesema vizuri."

Mama akajiweka sawa. "Mnajaribu dawa. Hamjui kama inaishinda ya zamani, mngejua msingehangaika. Mtanitoa damu kila mwezi. Nikichoka naondoka, matibabu yangu yanaendelea, na hakuna wa kuninunia."

"Barabara! Basi utaingia?"

"Sitaki."

Nikaangalia dari. Dada hakupepesa jicho. "Sawa, mama. Ni haki yako."

Mjumbe akavua miwani. "Kwa nini, mama?"

"Si amesema wiki za mwanzo inaweza kuleta kizunguzungu? Mimi nina sare za shule za kushona. Kizunguzungu na sindano ya mashine wapi na wapi? Nikijishona vidole, nitashonea nini?"

Mjumbe akacheka mpaka akakohoa. "Dada, wengi huniletea ndiyo zisizojua zimekubali nini. Hii hapana inajua inachokataa. Endelea na kazi."

Dada akamsindikiza yule mama hadi mlangoni, mabega juu, kana kwamba amemwoza binti. Mimi nikatoka nje, nikamwambia mlinzi, ambaye hakuniuliza kitu: "Yule muuguzi unamwona? Tumbo moja!"