Ndege Ishirini na Mbili za Bu Rashid

Loice simpendi, na yaliyotokea hayajanibadilisha. Kambini, kwenye mabweni ya wafanyakazi wa kigeni, tulilala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, na kazini tulikuwa walinzi wa ukumbi mmoja, chini ya jengo la ofisi pale West Bay. Mimi naitwa Mwanahamisi, mtu wa Tanga. Yeye ni Mkenya wa Bungoma, mwili mkubwa, sauti kubwa, na hakuna asilolijua.

Ndani ya ukumbi kulikuwa na ndege za mfano. Zile ndege kubwa za kivita za kubeba mabomu, za injini nne, sita, hadi nane, zilizoundwa kwa mkono na mzee mmoja wa Kikatari tuliyemwita Bu Rashid, yaani Baba Rashid. Usifikiri vitu vya watoto. Kubwa zao, ukipima ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, zilinizidi urefu. Zilikuwa ishirini na mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mmoja anakaa ndani kwenye kiyoyozi, mmoja nje kwenye lango la maegesho, na kila baada ya saa mbili mnapokezana. Anayetoka na anayeingia lazima wazunguke ukumbi pamoja, wahesabu ndege moja moja, waangalie kama kuna panga la injini au gurudumu lililong'oka, kisha watie sahihi daftarini. Mara tano kwa siku nilikuwa nazungushwa na yule mwanamke, na ulimi wake hauna likizo.

"Hii B-52 ndiyo ndege," alikuwa akisema, kila siku, kama hajawahi kusema. "Ona vile imenyooka. Injini nane, zimefungwa mbili mbili. Hiyo ni design."

"Mabawa yamelegea," nikamwambia. "Yamelegea mpaka wameyawekea vigurudumu huko nchani yasiburuze chini. Kitu kizuri hakiwekewi mkongojo."

"Na hiyo yako? Hiyo Vulcan? Hiyo ni sambusa, madam. Mtu alikata sambusa akaipaka rangi."

Basi tunaanza. Yeye ataniponda kwa ile Tupolev ya Warusi, nayo kwa kweli ni kituko, bawa limerudi nyuma kama la jeti halafu mbele lina mapanga. Nikasema aliyeiunda alikuwa hajui anataka nini. Akanicheka, akanieleza kwamba kila injini ina mapanga seti mbili, moja nyuma ya nyingine, zinazunguka kinyume, ndiyo maana inakimbia vile. Alikuwa amesoma vibao vyote na vijitabu vyote. Hilo ndilo lililonipandisha mori zaidi, maana aliyasema yale mbele ya wageni, na mimi nimesimama na kofia yangu kama mti.

Sasa sikiliza kwa nini nilimwogopa. Nina mawe kwenye figo. Daktari wa kliniki aliniambia waziwazi: joto la nje litanimaliza, nikipitisha kiangazi kingine langoni figo moja haitapona. Kazini sikusema. Kampuni yetu ikijua wewe mgonjwa inakukatia tiketi ya kurudi kwenu, na hakuna mlinzi asiyejua hivyo, kwa hiyo kila mtu anaumwa kimyakimya. Aliyejua ni Loice peke yake, kwa kuwa tunalala chumba kimoja na mgonjwa wa figo hana siri.

Mwezi wa sita Bradley, msimamizi wetu, Mganda mmoja mpole, akatuita. Akasema Bu Rashid anahamishia ndege zake Lusail, kwenye jumba jipya, na anataka mlinzi mmoja tu aende nazo, akae ndani kutwa. Mwingine atabaki West Bay langoni, kutwa, bila kupokezana. Alhamisi mzee mwenyewe atakuja kutuuliza maswali, aone nani ana jicho.

Kutwa langoni. Nilihisi ubavu wangu ukinichoma palepale.

Siku mbili baadaye nikamkuta Loice kwenye stoo anamnong'oneza Bradley. Waliponiona wakanyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni, huyu ameshaniuza. Sikungoja. Loice alikuwa na tabia ya kuketi kwenye jukwaa la ile B-52 yake miguu ikimvimba, na mlinzi wa kampuni yetu haruhusiwi kuketi akiwa zamu. Nilimfuata Bradley ofisini nikamwaga yote, siku na saa.

Bradley akaandika, uso umemshuka. Kisha akaniuliza, "Mnalala chumba kimoja. Kwani mna nini nyinyi? Yeye hajawahi kuniletea neno juu yako. Kule stoo alikuwa ananiomba ruhusa ya kwenda kwao, dada yake anaolewa mwezi wa nane."

Nilielewa papo hapo kwamba nimekosea. Ningeweza kusema achana nayo, futa. Sikusema. Nilifikiria lango, nikatia sahihi chini ya maneno yangu, nikatoka. Loice akapata barua ya onyo, na ruhusa ya harusi akanyimwa. Tangu hapo kule kuhesabu ndege kukawa namba tu. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na mbili, halafu ananisukumia kalamu.

Alhamisi Bu Rashid akaja na fimbo yake na kanzu iliyonyooka. Alituita sote wawili pamoja, Bradley pembeni. Akasema kwa Kiingereza chake cha kukatakata, "Sitaki kasi. Sitaki mabomu. Niambie ipi imependeza, na kwa nini."

Nilianza mimi. Nilimpeleka kwenye Vulcan. Nikamwambia nyingine zote zimeundwa mwili kwanza, kisha zikabandikwa mabawa, injini zikaning'inizwa chini kama nguo kwenye kamba. Hii injini zake nne zimezikwa ndani ya bawa, na huwezi kuonyesha kwa kidole mahali mwili unapoishia na bawa linapoanza. Nikamwambia kwetu Tanga kuna samaki anaitwa taa, bapa, hana shingo wala bega, na mvuvi akimgeuza juu ya mchanga watu husogea kumtazama. Mzee akauliza kasoro yake. "Miguu," nikasema. "Ikisimama chini miguu ni mirefu kuliko inavyostahili mwili ule." Akacheka, akagonga fimbo sakafuni. Miaka minne aliitafuta picha ya ile miguu, akasema.

Kisha akamgeukia Loice.

Loice akaenda mbele ya B-52. Niliyajua yote atakayosema, nilikuwa nimeyasikia mara mia, na yalikuwa mazuri kuliko yangu. Mkia mrefu kama mlingoti, kiwiliwili chembamba, injini mbili mbili, bawa linalolegea chini ili likipaa lipate kujikunja juu.

"Hii ni kubwa," Loice akasema.

"Na nini tena?" mzee akauliza.

"Ni kubwa tu, sir. Kwangu ndege ni ndege."

Bu Rashid akamtazama kidogo, akatikisa kichwa, akaniambia nijiandae, Jumapili nahamia Lusail.

Nilimfuata Loice chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa anafunga kamba za viatu, anahema kwa kuinama. "Kwa nini umefanya vile?" nikamuuliza, na sauti ilikuwa ya ugomvi, sina nyingine. "Sikukuomba."

"Nimesema uliniomba?"

"Unanionea huruma."

Akainua uso. "Wewe? Wewe ni nyoka, Mwanahamisi. Harusi ya dada yangu itapita, na ni wewe. Mwezi wa tano lifti ya kambi ikiwa imekufa nilikubeba mgongoni floor nne, unanitapikia shingo. Hukukumbuka hiyo ukienda kwa Bradley. Sasa mimi mgongo umeisha. Hiyo gate ikikumaliza, jioni huko kambini nani atakubeba? Si ni mimi tu? Nenda Lusail, usinirudie hapa."

Akachukua kofia na chupa yake ya maji, akapita ubavuni kwangu bila kunigusa. Zamu ya nje ya saa sita mchana ilikuwa yangu. Nilipofika langoni alikuwa ameshasimama pale, daftari mkononi, ameshaandika jina lake kwenye mstari wangu. Nikamwambia anipe daftari. Hakugeuka. Joto lilikuwa linanipiga usoni, na ubavu ulikuwa umeshaanza, na gari lilikuwa linangoja afungue.

Nikarudi ndani. Nilisimama kwenye ule ubaridi nikiwa na figo zangu mbili, na sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Loice saa ile.