Mtoto wa Pichani Yuko Jikoni

Mama Mwiko hakuwa mtu wa kupewa maagizo kabla uji haujachemka, na mchungaji alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana asubuhi ile aliingia jikoni mwa misheni akitabasamu kupita kiasi.

"Mama, wageni wanafika saa nne. Wale wanaotuletea unga na madaftari."

"Waje tu. Uji upo."

"Sasa, wale watoto walionawiri, tuwaweke stoo kidogo, nyuma ya magunia. Mbele wakae hawa wapya. Wageni wakiona mashavu watasema kazi imekwisha, unga usije tena."

Mama Mwiko aliacha kukoroga. Miaka sita amelia machozi ya moshi katika jiko lile, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kuwatia watoto wa watu mashavu. "Mchungaji, nimewanenepesha kwa jasho langu, leo niwafiche kama mali ya wizi?"

"Ni saa moja tu. Na Sindano ndiye asionekane kabisa."

Hapo hasira zilimpanda mpishi. Sindano alikuwa msichana wa miaka minane. Aliletwa misheni akiwa na miaka minne, mgongoni kwa bibi yake, na muuguzi alipomzungushia mkononi ule utepe wa kupimia, ulisimama kwenye nyekundu, rangi ya njaa kali. Siku hiyohiyo alipigwa picha, uchi, mbavu nje, inzi machoni, kovu juu ya jicho. Picha ikakuzwa, ikatiwa fremu ya mbao, ikatundikwa ukumbini juu ya ubao. Na ukumbi ndio huohuo darasa. Kila siku ya Mungu mtoto alisoma chini ya uchi wake mwenyewe, na wenzake, watundu wasio na haya, walijifunza kuhesabu kwa mbavu zake.

Wiki tatu alikuwa akifanya mazoezi ya kuwasomea wageni zaburi, maana mwalimu alimchagua yeye. "Nikisoma vizuri," alimwambia Mama Mwiko akichambua maharage, "watamsahau yule wa ukutani."

"Atasoma siku nyingine," mchungaji alisema. "Na ukinibishia, mama, kibarua chako kitaota nyasi."

Tuseme ukweli, Mama Mwiko alitii. Nyumbani kulikuwa na midomo minne inayomtegemea yeye tu. Aliwapeleka watoto stoo mmoja mmoja, huku akijiona mdogo kuliko kisoda. Sindano alimbakiza jikoni, akamwambia apulize moto. Mtoto alikikunja kile kitabu chake cha zaburi akakitia kifuani, akainama kwenye kuni, na hilo lilimuuma mpishi kuliko kama angelia.

Wageni walifika, wakaimbiwa, wakapewa viti. Mama Mwiko aliingia na sufuria la uji wakati bibi mmoja mwenye mvi, mkubwa wa msafara, amesimama mbele ya ile picha.

"Huyu mtoto alipona?" bibi aliuliza.

Mchungaji alikohoa. "Mungu ndiye anayejua, mama."

Mpishi alilitua sufuria sakafuni kwa kishindo. Kama kuna maneno aliyoyameza asubuhi, yote yalirudi kwa pamoja. "Mungu anajua, na mimi najua! Yuko jikoni anapuliza moto! Sindano! Njoo, mwanangu, na kitabu chako!"

Sindano akaja, majivu puani, sare imembana hadi kifungo cha tumboni kimekataa kazi. Bibi alilitazama kovu lililo juu ya jicho lake, akalitazama la pichani, akakaa chini. Mtoto alifungua kitabu. Alisoma zaburi yote bila kuruka hata neno. Kutoka stoo kilisikika kicheko cha furaha, ndipo wageni walipojua kwamba kuna stoo.

Bibi alifuta macho, akatoa simu yake. "Simama hapo chini ya picha, mjukuu wangu. Nataka watu waone ulivyokuwa na ulivyo."

"Hapana," Sindano alisema.

"Adabu, mtoto!" mchungaji alifoka.

Sindano alimwamkia bibi kwa heshima zote, akaonyesha ukutani kwa kidole. "Shikamoo, bibi. Kwanza yule mvalisheni nguo."

Bibi aliirudisha simu mkobani. Mama Mwiko alipanda juu ya benchi, akaing'oa picha na msumari wake, akavua aproni akaiviringisha juu yake vizuri, kama anayembeba mtoto kutoka kuoga. Akampa Sindano, naye akatoka nayo mikononi.

"Mama, hiyo ni mali ya misheni," mchungaji alisema, sasa kwa sauti ndogo.

"Mali ya misheni iko stoo inabanwa na magunia. Mkitaka mpishi mwingine, mtafuteni kesho. Leo nalisha mimi, na naanza na wenye mashavu. Fungua mlango."

Mchungaji alimtazama bibi. Bibi alikuwa ameshafika kwenye mlango wa stoo, anahangaika na komeo.

Mama Mwiko aliporudi jikoni kuongeza uji, aproni ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kinu. Chini ya sufuria la pili fremu ya mbao ilikuwa inawaka, na Sindano ameshika mwiko kwa mikono miwili.

"Koroga mpaka chini," Mama Mwiko alimwambia. "Usije ukaungua."