Mbuzi wa Wajina

...na kama jina la Moffat limo basi limo, atafunga gazeti, atambeba mtoto, begi liko tayari chini ya kitanda kule Ruring'u, magari ya kwenda kwao Kerugoya hayakosi, na mamake akiuliza atasema amekuja kusalimia tu... Murugi alilowesha kidole akafunua ukurasa mwingine wa Gazeti la Serikali, la mwaka wa tisini na sita, toleo baada ya toleo, mtoto ananyonya chini ya leso kama mtu anayekunywa uji moto, maktaba kimya, na Monicah wa kwaya pale kwenye meza ya kuazimia vitabu anamtazama, Murugi amemdanganya anatafuta notisi ya hati ya shamba iliyopotea, maana nani atamwambia mtu wa kwaya kwamba anamtafuta mumewe kati ya watu waliofilisika... wale wanaume wawili ndio walioanza, walisimama mlangoni na viatu vya kung'aa, chai hawakuionja, mmoja akauliza huyu Ngatia ako wapi, na Moffat Ngatia, mumewe, alikuwa jikoni kimya kama sufuria, hakutoka, tangu siku hiyo akaanza kupita nyuma ya stendi asikutane na watu, akiulizwa anasema ni mambo ya wanaume, mambo ya wanaume, kana kwamba viti vikichukuliwa ni wanaume tu watakaoketi chini... amri ya mahakama, aliyefilisika, jina, kazi, anwani, huyu wa Karatina, huyu simjui, huyu... Ngatia. Ngatia Theuri, mwenye kisiagi, Gatitu. Akasoma tena. Siyo Moffat, ni babake Moffat, ni mzee, na Murugi hajawahi kulitamka jina hilo, mtu hatamki jina la baba mkwe, hata kifungua mimba wake aliyepewa jina hilohilo, kama ada inavyotaka, yeye humwita Mzee tu, Mzee nyonya, Mzee lala, na sasa limechapishwa hapa pamoja na sanduku la posta, mtu yeyote aweza kulisoma kisha akafungia nyama... kumbe kisiagi, ile mashine ya kusaga mahindi, kilinyamaza tangu Pasaka, akaambiwa mshipi umekatika, akaamini, akapeleka mahindi yake kwingine bila kuuliza, na mtoto akaota meno babu hajaja kumwona, na babu haji mikono mitupu, humletea wajina wake, mwenye jina lake, mbuzi, na yeye Murugi, kwa mdomo wake huu, nje ya kanisa, akawaambia kina mama ati huyo mzee ako na kisiagi kizima na bado mbuzi mmoja anamshinda, ati labda anangoja mtoto amnunulie yeye, wakacheka, yeye akacheka zaidi ya wote, kisha akageuka, na mzee alikuwa pale ukutani, kofia mkononi, amesikia, lazima alisikia, naye akauliza tu, "Maitu, mtoto analala vizuri?" Maitu, mama yangu, ndivyo anavyomwita tangu azae, kwa kuwa amemzaa yeye upya, na huyo mama yake ndiye aliyemcheka mbele ya watu, Mungu wangu, na wale wa viatu vya kung'aa walimtaka mzee, Moffat kule jikoni hakuwa anajificha, alikuwa anamfunika babake, naye mkewe akafunga begi... atakwenda Gatitu, atasema nini, hatasema, atamweka mtoto kwenye magoti ya mzee na kuwasha moto wa chai, lakini je, mzee akiinama, akiona aibu mbele ya wajina wake, akitoka kwenda kutafuta mbuzi ambaye hayuko... mtoto aliachia ziwa, akamtazama, paji la uso lilelile la mzee. "Umeipata hiyo hati?" Monicah akauliza, shingo ameinyoosha. Murugi akalaza kiganja juu ya lile jina, polepole, kama mtu anayemvutia blanketi mzee aliyesinzia.

"Bado," akasema, na mkono hakuuondoa.