Korongo wa Mahameni

Kila Jumanne jioni, kabla karabai haijawashwa, wanakisomo, watu wazima waliokuwa wanajifunza kusoma, wa kijiji kipya cha upande wa Iguguno walikaa juu ya magunia ya uwele ndani ya ghala, wakataja ndege. Mwalimu Yohana ndiye aliyeanzisha mtindo huo. Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja, na ukurasa wa mbolea walishausoma mpaka wakawa wanausema wamefumba macho. Akaona heri kila mtu aje na ndege aliyemwona wiki ile, amtaje, kisha amwandike ubaoni. Basi waliokuwa wazito wa kushika herufi wakawa wepesi. Mtu aliyeshindwa kuandika jina la mkwewe aliandika keremkerem bila kukosea, maana keremkerem alikuwa amemwona kwa macho yake.

Sharti lilikuwa moja: ukimtaja ndege, useme katua kwa nani. Mahali hapakutajwa kwa namna nyingine huko. Palikuwa kwa Mathayo, kwa Alute, kwa marehemu Melkiori, basi. Siku hizo kwa Mathayo na kwa Alute palikuwa mahame. Watu wote walihamishwa mwaka uliotangulia, wakati wa Operesheni ya vijiji vya ujamaa, wakapangwa mistari kando ya barabara, kila mlango ukitazama mgongo wa nyumba ya mbele. Lakini malisho yalibaki kule kule, kuni zilibaki kule kule, na ndege, ambao hawakuitwa kwenye mkutano wowote, waliendelea kutua kule kule.

Theresia, mke wa Mathayo, alizoea kukaa karibu na mlango ili mtoto wake Paulo akilia atoke naye. Kisomo alikianza akiwa na mimba ya huyo Paulo, na sasa alikuwa anasoma kila kilichoandikwa: magunia, makopo ya mafuta, ubavu wa lori. Alipenda kumwambia mtoto kwamba atakapokwenda shule atamkuta mama yake ameshatangulia.

Novemba ile Johari, muuza maandazi wa pale kituo cha basi, ndiye aliyeanza. Alisema mbayuwayu wamejaa kwenye waya wa simu mpaka waya umelegea. Akaongeza kwamba wale wametoka Ulaya bila kumwona mtu yeyote, ila yeye kwenda Singida mjini kununua ngano ameomba kibali tangu Idi na bado anaambiwa asubiri. Watu walicheka. Mwalimu akamwambia aandike mbayuwayu.

Kisha akasimama Mzee Alute, mchunga ng'ombe.

"Korongo wameshuka," alisema. "Wale weupe, wenye miguu myekundu."

Watu waliguna kwa kuridhika, kwa sababu korongo wakishuka mvua haiko mbali.

"Wametua kwa nani, mzee?"

"Kwangu yupo mmoja. Kwa marehemu Melkiori mmoja. Kwa Mathayo yupo mdogo." Akakohoa. "Hawaendi mbugani kula panzi na wenzao. Wanashinda mlangoni. Jua likizama wanaingia ndani."

Hapakuwa na ndani. Tembe zote kule zilikuwa zimeezuliwa ili wenyewe wasirudi, na mvua za mwaka mmoja zilikuwa zimezila kuta mpaka magotini. Korongo angeweza kuuvuka ukuta kwa hatua moja. Mzee Alute alisema hapana, wote wanapita mlangoni, na wanainamisha shingo pale kilipokuwa kizingiti. Wa kwake ana jicho moja jeupe, kama la marehemu mama yake.

Mwalimu aliandika korongo ubaoni. Kila mtu akanakili.

Kesho yake Theresia alikwenda kuni na Johari. Walipofika mahameni Johari alisema yeye anatangulia vichakani, mwenzake apite kwake kidogo. Johari hakuwa mtu wa kuuliza mambo mengi. Ndiye peke yake pale kijijini aliyekuwa bado anamwita Theresia Mama Selina. Wengine walimwita Mama Paulo, kwa sababu ndivyo Ndugu Melkizedeki, katibu wa kijiji, alivyomwandikisha Paulo alipozaliwa, na watu walizoea.

Korongo mdogo alikuwa ndani. Alisimama kwenye kona ya kushoto, pale palipokuwa pametandikwa ngozi. Jua lilikuwa kali, vumbi limetulia juu ya kila kitu, lakini yeye alikuwa amelowa. Maji yalimdondoka kwenye ncha nyeusi za mbawa, na chini yake udongo ulikuwa tope.

Theresia aliingia kwa mlangoni. Akachutama.

Kwenye kona ile ndipo alipolala binti yake Selina akiwa na surua. Asubuhi ya kuhamishwa Theresia alimfuata katibu, akamsalimu shikamoo, akamwomba paa la tembe yake liachwe mpaka mtoto apate nafuu. Katibu alimjibu kwa upole kwamba lori litafika jioni ile ile na kule waendako kuna zahanati. Paa likaondolewa. Jioni ikaja mvua, lori halikuja, lilikwama mtoni. Lilipofika, Selina alikuwa ameshazikwa nyuma ya nyumba, na dereva alipiga honi kabla udongo haujashindiliwa. Matanga hayakukaliwa. Kwenye nyumba ya Mzee Alute, mama yake, bibi kipofu wa jicho moja, alikuwa amegoma kutoka, akanyeshewa hapo hapo alipokaa mpaka akafa. Kwa Melkiori aliyekufa ni Melkiori mwenyewe. Hata hivyo, kwenye mikutano katibu alieleza kwamba watu wote walifika salama, na wakubwa wa wilaya walimpongeza.

Theresia alivua khanga ya juu, akamfuta korongo mgongo, kisha kifua. Korongo alitulia. Alipomaliza, manyoya yalikuwa yamelowa tena.

"Wako ni yeye?" Johari aliuliza walipokuwa wakijitwisha kuni.

"Ni yeye."

"Amekonda?"

"Hajakonda. Ana baridi tu."

Wiki iliyofuata katibu alipita kukagua kisomo. Alikaa nyuma, kofia magotini, akasikiliza. Mzee Alute alisema kwa Mathayo bado yupo yule mdogo, kwa Melkiori bado yupo mmoja, na kwake yule wa jicho jeupe siku hizi anachelewa kutoka asubuhi. Katibu hakujua kwamba zinatajwa habari za ndege. Asubuhi alituma mgambo na trekta la kijiji, wamlete yeyote anayelala mahameni. Mwalimu Yohana alimfuata ofisini kumwambia kwamba wale ni korongo. Katibu alifikiri kidogo, akasema amri iliyotolewa inahusu wote.

Mgambo walirudi saa kumi jioni. Walieleza baadaye kwamba hawakupata taabu. Korongo walipoonyeshwa tela walipanda mmoja mmoja, yule wa jicho jeupe akashikwa ubawa, na njia nzima walisimama wakitazama walikotoka. Kwenye tela walikuwa wengi kuliko waliotajwa darasani. Trekta liliposimama walishuka, wakatawanyika kwenye mistari. Nyumba zote zilifanana, lakini hakuna korongo aliyekosea mlango. Hawakwenda kila nyumba. Hakuna aliyeuliza kwa nini ni nyumba zile na si nyingine, kwa sababu kila mtu alijua.

Mdogo aliingia kwa Mathayo, akasimama kona ya kushoto. Mathayo alikuwa anakula. Aliacha kula, akanawa, akatoka nje kukata kuni ambazo zilikuwa zimeshakatwa.

Usiku ule Theresia alimwambia mume wake kwamba kwenye mkutano atasema. Mathayo aliuliza atasema nini. Akamjibu, jambo moja tu. Hataki paa, wala kiwanja, wala mtu kufungwa. Anataka katibu aseme mbele ya watu kwamba Selina alikufa na kilichomuua. Akishasema, yeye atakalia matanga ya mwanawe kama watu. Mathayo alisema atambeba Paulo ili yeye apate kusimama vizuri.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, mbele ya ghala. Theresia alikuja na korongo akimfuata kwa nyuma, akiacha matone njiani. Ilipofika zamu ya mengineyo alisimama. Karibu naye Mzee Alute naye alikuwa ameshainuka nusu, fimbo mkononi.

"Ndugu Katibu, shikamoo."

"Marahaba."

"Naomba lisemwe hapa. Mwanangu Selina alikufa. Alikufa kwa sababu paa liliondolewa akiwa mgonjwa, na mimi nilikuwa nimeomba."

Ndugu Melkizedeki alivua kofia. Hakuwa mtu mbaya wa sura, na ilisemekana kwake watoto walikuwa wanamkimbilia mlangoni.

"Huyo aliyesimama nyuma yako ni nani?" aliuliza.

"Ni Selina."

"Una hakika?"

"Mimi ni mama yake."

Katibu alimtazama korongo kwa muda mrefu. Korongo alimtazama yeye, maji yakimdondoka.

"Mimi sina ubishi," alisema. "Mzazi ndiye anayemjua mtoto wake. Basi Selina yupo. Alichelewa kufika, lakini amefika, na leo tunamwona wote. Mtu aliyefika hawezi kusemwa kwamba alikufa." Akavaa kofia. "Tumpigie makofi Mama Selina."

Makofi yalipigwa, hasa na wale wa nyumba ambazo hazikuwa na korongo. Mzee Alute alikaa chini polepole. Jambo alilotaka kusema lilikuwa hilo hilo, na jibu lake alikuwa ameshalipata.

Tangu siku ile kila mtu alimwita Theresia Mama Selina. Aliitika. Mwanzoni alikuwa akiitika kwa shida, kama mtu anayepewa kitu chake na aliyemwibia. Korongo walihesabiwa kwenye kazi: walipelekwa shamba la ujamaa viwavijeshi walipoingia, wakafanya vizuri, na katibu aliwasifu. Jioni walirudi kila mmoja kwao. Theresia alimfuta mwanawe kwa khanga kabla ya kulala, akaianika, asubuhi akamfuta tena. Paulo alipoanza kutambaa alijifunza kwenda mpaka kwenye ile miguu myekundu na kuishika, na korongo alikuwa anainua mguu mmoja taratibu ili asimkanyage. Walipokwenda kulala, korongo alinong'ona kwa sauti ya kugongesha mdomo, sauti ndogo, na Theresia alimjibu kwa kumsomea chochote kilichokuwapo. Mara nyingi ulikuwa ule ukurasa wa mbolea.

Machi ilipofika korongo walianza kutazama juu. Theresia hakumfunga wake. Mzee Alute alikwenda kuwaombea wote kibali cha kusafiri, akaambiwa wangoje mavuno. Hawakungoja. Asubuhi moja, hewa ilipopata joto, waliinuka kutoka kwenye milango yao, wakazunguka juu ya mistari ya nyumba, wakapanda hadi wakawa wadogo kama mbayuwayu. Theresia alisimama uani na Paulo mgongoni, akamwonyesha yupi ni dada yake, ingawa kutoka pale chini hakuweza tena kuwatofautisha.

Kwenye mkutano uliofuata katibu alieleza kwamba wakazi kadhaa wamehama kwa hiari yao, na kwamba kijiji kinawatakia heri.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Kisima kilikauka na wanawake walifuata maji mbali. Lakini kona ya kushoto ndani ya nyumba ya Mathayo haikukauka. Udongo pale ulibaki umelowa, ukubwa wa ngozi ya kulalia mtoto. Theresia alihamishia vyungu upande wa pili, akawa anafagia mpaka ukingoni na kuishia hapo. Wageni walipoingia hawakuuliza. Walipunguza sauti, wakapita pembeni.